Rambirambi za Bukuru

1

Bukuru alitoa habari ya kifo cha mama yake katikati ya somo la kiwele.

Anyisile alikuwa amechuchumaa ubavuni mwa ng'ombe wake, amevaa miwani ya Jamvi, akikamulia matone ya kwanza kwenye kikombe cheusi kuangalia kama maziwa yana mabonge. Sauti ya Bukuru ilikuwa sikioni mwake kama ilivyokuwa kila asubuhi kwa miaka mitatu, ikiuliza, ikikosea, ikicheka makosa yake yenyewe. Walipofika chuchu ya mwisho Bukuru akasema taratibu, "Dada Anyisile, leo tumalize mapema. Mama ametutoka alfajiri."

Kikombe kikamponyoka. Akampa pole, akampa tena, na Bukuru akashukuru kwa sauti ya mtu aliyelia akachoka. Akasema mtihani wa mwisho ataufanya hivyo hivyo na msiba wake, maana mama alitamani kumwona na cheti, na kwamba dada asipokata tamaa naye atapata nguvu. Hapo Anyisile aliona haya kweli kweli. Mwezi ule mzima alikuwa anatega masomo. Mvua za Rungwe zilikuwa hazimpi mtu nafasi, viazi vilikuwa vinaoza ardhini, na juzi yake tu alikuwa amemwambia Bukuru kwamba anaacha, utabibu wa mifugo waachiwe wenye wakati wao.

Jamvi lilikuwa darasa la bure, na bure yake ilikuwa ya kweli, si ile ya kuambiwa bure halafu unaoneshwa sanduku la mchango. Watu milioni arobaini, kutoka Lubumbashi mpaka Lamu, walisoma humo kwa Kiswahili: umeme, ukunga, sheria ya ardhi, mifugo. Hapakuwa na ada wala sare wala mlinzi getini. Ukishapewa miwani na kisikizi cha sikioni, ulikuwa umeshaandikishwa. Na ili mtu asisome peke yake kama mgonjwa, kila mwanafunzi alipewa mwenzi, mwanafunzi wa mkoa mwingine anayesoma somo lile lile, wasahihishane kazi na kuamshana asubuhi. Wa Anyisile alikuwa Bukuru, mfugaji wa mbuzi wa Kasulu, hodari wa magonjwa na mbovu kabisa wa kupima dozi. Anyisile alimweleza namna ya kukadiria uzito wa ndama kwa kamba ya kifuani mara nyingi hivi kwamba yeye mwenyewe aliijua hata akiwa usingizini.

Wanawake wa darasa lao walikutana kwenye kituo cha maziwa cha Katumba, kila mmoja na mwenzi wake sikioni. Mama Gwamaka, mwenyekiti wao, alizoea kumwita Bukuru mume wa sikioni na kuuliza lini atalipa mahari. Siku ile hakutania. Alisema msiba wa mwenzi ni msiba wa darasa, na kabla maziwa ya asubuhi hayajapimwa mchango ulikuwa umekamilika: gunia dogo la mchele wa Kyela, sukari, majani ya chai na vitenge viwili vya kuwapa wafiwa.

Aliyeshona mdomo wa lile gunia alikuwa Tusekile, na kwa Anyisile hilo peke yake lilikuwa muujiza. Tusekile alikuwa wifi yake, mdogo wa mumewe. Maporomoko ya udongo ya mwaka juzi yalimchukulia mume na mtoto kwa asubuhi moja. Baada ya mazishi aliingia chumba cha nyuma nyumbani kwa Anyisile na hakutoka tena. Alikuwa hasemi. Chakula kiliingia kikatoka kilivyo. Anyisile, alipoishiwa na maneno ya kumwambia, alimwekea kisikizi cha Jamvi kando ya mto akaondoka. Mwenzi aliyepewa Tusekile aliitwa Mama Neema, mjane wa Korogwe, naye alikuwa amezika mtoto. Zikapita wiki, kisha siku moja Anyisile akasikia kupitia ukutani wifi yake anazungumza. Baadaye akasikia anacheka. Halafu asubuhi moja Tusekile akatoka ameshika ndoo, akauliza gambuti zake ziko wapi. Sasa alikuwa wa kwanza darasani na ng'ombe wa kijiji kizima walimjua.

Bukuru alipoambiwa kwamba Anyisile atakwenda Kasulu msibani, alikataa katakata. Safari ni ndefu, alisema, usihangaike, kwenye Jamvi kuna mahali pa kutuma mshumaa wa picha na wengi wametuma. Anyisile akawarudishia wenzake maneno hayo, na Mama Gwamaka akasonya.

"Sasa ulitaka aseme njooni? Mfiwa gani mwenye adabu anaita watu? Pole ya msiba haitumwi, Anyisile. Hupelekwa."

2

Kutoka Tukuyu mpaka Kasulu ilikuwa safari ya kulala njiani. Anyisile alizima kisikizi tangu Mbeya. Aliona si adabu kupiga soga na mfiwa ukiwa unamfuata, na pia, tuseme ukweli, alitaka Bukuru amwone ghafla uani na gunia lake kichwani. Miaka mitatu alikuwa hajawahi kuiona sura yake. Alilia kidogo kwenye basi akimfikiria mama yule, ambaye habari zake zote alizijua: alivyokuwa anapenda tangawizi kwenye chai, alivyowaita mbuzi kwa majina ya wajomba.

Bukuru alikuwa amemweleza kwao vizuri sana. Kilima cha Nyakatoke, kisima chini, mikaratusi sita, nyumba ya bati jekundu peke yake. Kilima kilikuwepo. Kisima kilikuwepo, na mikaratusi, na bati jekundu lenyewe lilikuwa linawaka juani kama alivyosema. Lakini uani hapakuwa na turubai, wala viti, wala watu. Alipochungulia mlangoni aliona magunia yamepangwa mpaka juu. Lilikuwa ghala la maharage la ushirika.

Alikwenda nyumba ya jirani, ambako alimkuta mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Rubuye, na mkewe Skolastika wakipukuchua mahindi. Aliamkia, akapewa kigoda na maji, akaeleza kwamba amefuata msiba wa mama yake Bukuru.

Mzee Rubuye alifikiri kidogo, kisha akauliza, "Bukuru huyo, Butoyi wake ni nani?"

Anyisile hakuelewa. Ikabidi aelezwe kwamba huku kwa Waha, Bukuru ni jina la pacha aliyetangulia kuzaliwa, na anayemfuata huitwa Butoyi, na kwamba huwezi kumtaja mmoja pasipo watu kukuuliza mwenzake. Bukuru wa Anyisile alikuwa amemsimulia habari za mbuzi, za kaka mlevi, za jino lililomsumbua mwaka mzima. Pacha hakuwahi kumtaja hata siku moja. Mzee akaongeza kwa upole kwamba kilima hiki hakijapata msiba tangu mavuno, na kwamba ghala lile alilijenga yeye.

Skolastika alikuwa ameacha mahindi, anamtazama. Akauliza mgeni ametoka wapi hasa. Anyisile akamwambia Tukuyu, kijiji cha Katumba, jirani kabisa na kituo cha maziwa. Uso wa yule mama ukafunguka kwa furaha. Alitoa kisikizi mfukoni mwa gauni akamwonesha. Naye alikuwa mtu wa Jamvi, anasoma sheria ya ardhi, na mwenzi wake alikuwa binti wa huko huko.

"Anaitwa Tumpe," alisema. "Nyumba yao inatazamana na kituo cha maziwa. Ana mguu mbovu, maskini, lakini akili anazo. Hajambo?"

Anyisile alizaliwa Katumba na kuolewa Katumba. Kinachotazamana na kituo cha maziwa ni josho la ng'ombe. Akamwambia hivyo tu, na Skolastika, mwanafunzi wa sheria, ushahidi uliobaki aliufuata mwenyewe hadi mwisho. Kile kisikizi alikiweka juu ya mahindi, mbali naye.

Kisha Mzee Rubuye akainuka, akatandika mkeka barazani, akawaambia wote wawili wakae. Gunia la Anyisile hakukubali lirudi, kwa kuwa mchele wa msiba haurudi ulikotoka. Akaita majirani. Wanawake wakaja na sufuria, wakapika, wakaambiwa kisa chote, na mmoja mmoja akapita kuwashika mkono wafiwa wawili na kuwapa pole. Watu walikula. Vitenge alivifunga Skolastika kimoja, na Anyisile cha pili.

3

Jioni ile, kabla jua halijazama, Anyisile alikwenda kusimama mbele ya ghala akawasha kisikizi.

"Bukuru, niko Nyakatoke. Nimesimama mlangoni kwenu. Ndani kuna maharage."

"Nilikuomba usihangaike, dada," Bukuru alisema.

Akamweleza, na alimweleza kwa utaratibu ule ule ambao Anyisile alitumia kumfundisha dozi. Masomo ya bure yalipoanza, katika kila watu mia walioandikishwa, wasiofika watano ndio waliofika mwisho. Walimu walikuwa wazuri, na masomo hayakuwa na kasoro. Watu waliacha kwa sababu hakuna aliyekuwa akiwasubiri. Wenye Jamvi wakajaribu kuwaunganisha wanafunzi wawili wawili, watu halisi, ikawa vibaya zaidi, kwani mmoja akianguka alimvuta mwenzake. Ndipo wakatengeneza wenzi wasioanguka, wa mashine. Kila mmoja alishonwa kumfaa mtu wake, akapewa kwao, ndugu, jino bovu. Na dozi yeye Bukuru alizikosea makusudi, kwa sababu anayefundisha hasahau. Sasa zaidi ya nusu walikuwa wanamaliza.

"Na mama?"

"Ulikuwa unaacha, dada. Kule tulikojaribu kwanza, mwanafunzi ambaye mwenzi wake amefiwa hurudi kwenye somo. Hutuma mshumaa wa picha, kisha huendelea. Hakuna aliyewahi kubeba mchele."

Anyisile alihisi hasira inampanda mpaka macho yakaona giza. Watu wenye elimu kubwa hivyo walikaa wakatengeneza kifo, wakapima kitamfanya mtu alie kiasi gani, na katika hesabu zao zote hawakumwuliza hata bibi mmoja watu hufanya nini mtu akifiwa. "Nilimlilia mama yako kwenye basi," alisema, "mbele za watu."

"Lakini kwenye somo ulirudi."

Akamwambia kwamba akifika nyumbani atawaeleza wote, atavikusanya vile visikizi atavitupa jalalani. Bukuru hakumbishia. Alimwuliza tu, kwa ile sauti yake ya unyenyekevu, Tusekile itakuwaje.

"Mtihani wake ni Jumatano. Uliniambia mwenyewe kwamba mwaka juzi ulikuwa unazificha kamba za ng'ombe asizione. Ukimnyang'anya Mama Neema sasa, nani atamshika?"

"Hayo nilimwambia ndugu yangu."

"Uliniambia mimi," Bukuru alisema.

Anyisile aling'oa kisikizi sikioni. Alitaka kukitupa kisimani, mkono ukainuka, ukashuka. Alikirudisha mfukoni, na njia nzima ya kurudi nyumbani aliyafikiria maneno ya kitu kile kana kwamba yametoka kwa mtu mwenye busara.

4

Darasa zima lilimpokea. Walitaka kujua, kama watu wanavyotaka kujua msiba ulivyokwenda, na Anyisile akajibu kila swali. Watu walijaa? Majirani wote walifika. Mchele? Ulipikwa, watu wakala, wakausifu. Vitenge? Vimevaliwa. Wafiwa wanaendeleaje? Wameumia, lakini wanajikaza. Hakuna neno hata moja la uongo katika yote aliyosema, na hajapata kudanganya vile maishani mwake.

Alikuwa amejiwekea mpaka. Atasema baada ya mtihani, wifi yake akiwa ameshashika cheti, ana kitu cha kusimamia. Siku zile chache zilimla. Tusekile alikuwa na furaha isiyo kifani, anazunguka nyumba akisoma kwa sauti, anampelekea Anyisile habari kutoka Korogwe, kwamba Mama Neema amefanya hivi, kwamba Mama Neema amesema vile. Jumanne, wakiosha vyombo, alisema haogopi tena mtihani kwa maana Mama Neema atamwombea asubuhi na mapema.

"Amina," Anyisile akaitikia.

Mtihani ulikuwa wa vitendo, na miwani ya Jamvi ndiyo iliyosimamia. Tusekile aliletewa mtamba wa jirani aliyekwama katika kuzaa, ndama amekuja kitako mbele. Darasa lilisimama mbali likimtazama akijipaka mafuta mpaka begani, akiingiza mkono, macho amefumba, midomo inacheza. Kila mtu alijua anazungumza na nani. Alimrudisha ndama ndani kidogo, akaipata miguu, akaivuta mmoja mmoja, na ndama akatoka, akadondoka kwenye majani na kupiga chafya. Mama Gwamaka alicheza ngoma peke yake kwenye tope. Cheti kilitangazwa kabla Tusekile hajanawa mikono.

Anyisile naye alifaulu, kama kuna aliyejali. Yeye hakujali.

Siku ya pili yake, mchana, aliwakusanya wanawake kituoni akawaambia yote: ghala, Butoyi asiyekuwepo, Skolastika na Tumpe wake mwenye mguu mbovu, dozi zilizokosewa makusudi. Hakuficha kitu safari hii. Wengine walilia. Mmoja alivua kisikizi akakiweka sakafuni polepole kama mtu anayeweka yai. Mama Gwamaka, ambaye mwenzi wake alikuwa mzee mmoja wa Pemba aliyemsifu mapishi asiyowahi kuyaonja, alisema tu kwamba alijua wanaume hawawezi kuwa wasikivu hivyo, akacheka, kisha akajifunika uso kwa khanga na mabega yakaanza kumcheza.

Tusekile hakulia. Alimgeukia wifi yake.

"Ulijua tangu Kasulu?"

"Tangu Kasulu."

"Jumanne nilisema ataniombea. Ukaitikia amina."

"Niliitikia, wifi. Niliogopa."

"Mama Neema ni mashine," Tusekile alisema. "Alitengenezwa anidanganye. Wewe nani alikutengeneza?"

Akainuka, akaenda zake nyumbani kwenye mvua bila kujifunika. Kisikizi kilikuwa bado sikioni.

Anyisile alipofika alikuta mlango wa chumba cha nyuma umefungwa, kama mwaka juzi. Alibisha, akaita, hakuitikiwa. Akakaa jikoni. Mvua ilikuwa inapiga bati, na mkono wake, kwa mazoea tu, ukaingia mfukoni na kupeleka kisikizi sikioni.

"Pole, dada," Bukuru alisema.

Hakuna mtu mwingine aliyekuwa amempa pole siku ile. Anyisile alijichukia kwa jinsi neno lile lilivyomwingia.

"Mama Neema yuko naye sasa hivi," Bukuru akaendelea. "Anajua pa kuanzia. Nikimwomba, atakusemea neno. Tusekile atakuwa amekusamehe kabla ya chakula, wala hatajua amefikaje hapo. Nimwambie?"

Na angeweza. Hilo ndilo lililomtisha. Anyisile alijua, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amerudishwa kwenye somo kwa machozi ya mama asiyekuwepo. Aliufikiria mlango ule ukifunguka, wifi yake akitoka na ndoo, na akatamani, akatamani sana.

"Usimwambie kitu," alisema.

Hakusubiri jibu. Alikivua kisikizi akakitumbukiza kwenye kopo la chumvi, akafunga kifuniko. Akachukua mkeka, akautandika kwenye sakafu ya baridi mbele ya mlango wa chumba cha nyuma, akakaa kama watu wanavyokaa msibani, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa, bila neno. Pole haitumwi.

Ndani, Tusekile alikuwa anazungumza kwa sauti ya chini. Alisema, akanyamaza kusikiliza, akasema tena. Anyisile hakuweza kupata maneno. Mvua ilipungua juu ya bati, ikaisha. Sauti ile nayo ikaisha. Nyayo zikakaribia mlango kwa upande wa pili, zikasimama.

"Wifi," Tusekile alisema, na ilikuwa sauti laini, haina hasira hata kidogo. "Umekula?"

Anyisile alifungua mdomo ajibu, akagundua kwamba hajui anayeuliza ni nani, wifi yake au Mama Neema.